Usingizi baada ya saratani: ngoma inasaidia nini, na haisaidii nini

Kuna sauti iliyorekodiwa ambayo imekuwa ikizunguka hapa Tanga katika makundi ya WhatsApp ya familia na ya vikoba. Msemaji wake anadai kwamba aliyemaliza matibabu ya saratani akicheza ngoma kila siku, ugonjwa haumrudii tena na usingizi wake unakuwa kama wa mtoto mchanga. Haikuchukua muda ikajibiwa na sauti nyingine inayoonya kinyume chake, kwamba mtu aliyepigwa mionzi akitikisa mwili anaitawanya saratani iliyokuwa imetulia. Shangazi yangu, ambaye alimaliza matibabu ya saratani ya titi miezi kadhaa kabla ya hapo na ambaye usiku wake ulikuwa umeharibika kabisa, alizipokea zote mbili siku moja, akaniuliza, "Sasa mwanangu, mimi nishike lipi?" Jibu nililompa siku ile lilikuwa fupi mno. Makala haya ni jibu refu, kwake na kwa wengine wenye swali lilelile.

Tuanze na maneno, kwa sababu sehemu ya mkanganyiko inatoka humo. Neno ngoma katika Kiswahili limebeba mengi: chombo kinachopigwa, uchezaji wenyewe, na hata shughuli nzima ya kukusanyika. Mtaani, mtu akisema fulani "ana ngoma" anazungumzia jambo lingine kabisa, yaani virusi vya UKIMWI. Hapa namaanisha kitu kimoja tu, nacho ni kuuchezesha mwili kwa kufuata mdundo, iwe kwa kusimama au kwa kukaa kwenye kiti, iwe ni lelemama, chakacha, mdumange wa kwetu milimani, au taarabu ya zamani inayosikika redioni. Simaanishi ngoma za kupunga pepo. Nalisema hili waziwazi kwa sababu katika familia nyingi za pwani, mtu akikesha miezi mitatu mfululizo, haichukui muda kabla hajatokea jamaa wa kusema kwamba ana jini. Mtu aliyepita kwenye kisu, dripu na mionzi ana sababu nyingi zinazojulikana za kukosa usingizi, na ni dhuluma kumwongezea hofu ya jini juu ya hofu aliyokwisha kuibeba.

Ni vizuri pia kutenganisha kucheza ngoma na kile kinachoitwa tiba kwa miondoko. Hiyo ni fani yenye wataalamu waliosomea, na ilianza kuchukua sura katika miaka ya 1940 huko Marekani, pale mwalimu wa dansi Marian Chace alipoanza kufanya kazi na wagonjwa wa akili hospitalini. Katika fani hiyo, miondoko ni njia ya mgonjwa kuzungumza yasiyosemeka kwa maneno, chini ya uangalizi wa mtaalamu. Kucheza uani na majirani ni jambo lingine, jepesi zaidi na lililo karibu zaidi, ingawa faida zake zinagusana na za hiyo tiba.

Neno la mwisho ni kukosa usingizi. Usiku mmoja mbaya si ugonjwa. Madaktari husema mtu ana tatizo sugu la usingizi ikiwa anashindwa kuupata, au anaamka katikati na kushindwa kurudi, au anaamka mapema mno, angalau mara tatu kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi, ilhali nafasi ya kulala anayo na mchana wake unaathirika. Tafiti zinakadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 60 ya watu wenye saratani wanapitia shida ya usingizi ya namna moja au nyingine. Kwa hiyo anayekesha baada ya matibabu hayuko peke yake, wala si kwamba ana moyo dhaifu.

Sasa usingizi wenyewe unakujaje? Mtu aliyezoea kuwatazama wavuvi pale Deep Sea anajua kwamba chombo cha tanga hakiondoki kwa sababu tu nahodha ameshapanda. Kinahitaji maji yawe yamejaa, na kinahitaji upepo. Maji yakijaa bila upepo, chombo kinaelea palepale. Upepo ukivuma maji yakiwa yamekupwa, chombo kinabaki kimelala ubavu mchangani. Usingizi nao unataka vitu viwili vikutane, na Alexander Borbély, aliyeyaeleza hayo mwaka 1982, alijenga msingi ambao elimu ya usingizi inauegemea hadi leo.

Maji, katika mfano wetu, ni ile haja ya usingizi inayojaa polepole tangu mtu anapoamka. Ubongo unapofanya kazi mchana kutwa hulimbikiza kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Tukilala inapungua, ndiyo maana aliyelala vizuri huamka mwepesi. Upepo ni saa ya mwili, yaani kikundi kidogo cha seli ndani ya ubongo ambacho hupokea habari za mwanga kutoka machoni na kuupangia mwili wakati wa mchana na wa usiku. Giza likiingia, saa hiyo huruhusu homoni ya melatonini imwagike katika damu, na joto la ndani la mwili huanza kushuka kidogo kidogo. Vitu hivi viwili vikikutana, mtu analala bila kujilazimisha. Visipokutana, hata godoro zuri na chandarua kipya havitoshi.

Matibabu ya saratani huvivuruga vyote viwili, tena kwa njia zaidi ya moja. Pamoja na dripu za kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, wagonjwa wengi hupewa deksamethasoni ili wasitapike, na dawa hiyo inajulikana kwa kuwaacha watu macho makavu usiku kucha. Baadhi ya dawa za kemo huunguza mishipa ya fahamu, miguu ikabaki na ganzi au moto unaozidi mtu anapolala. Mwanamke aliyepigwa mionzi ya nyonga kwa saratani ya mlango wa kizazi anaweza kuamshwa na kibofu mara kadhaa, na ovari zake zikisimama kufanya kazi, ukomo wa hedhi unamjia ghafla pamoja na vipindi vya joto kali na jasho. Anayemeza tamoksifeni, kidonge cha kuzuia homoni, baada ya saratani ya titi, kwa miaka mitano na wakati mwingine kumi, huweza kuyapata joto na jasho hayohayo. Kisha kuna hofu. Mchana hofu ina washindani, maana kuna wageni, kuna chungu jikoni, kuna watoto wa kutuma dukani. Usiku inabaki peke yake na mwenyewe.

Hayo yanaeleza kwa nini usingizi unaharibika wakati wa matibabu. Kinachowashangaza wengi ni kwa nini hauponi matibabu yakiisha, na hapa ndipo ninapoomba msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu ndipo ngoma inapopata nafasi yake. Mwanasaikolojia wa Marekani Arthur Spielman alieleza kwamba kukosa usingizi kwa muda mrefu kuna visababishi vya aina tatu, ambavyo mimi huviona kama moto wa mafiga. Kuna kuni kavu, yaani maumbile ya mtu: wapo waliozaliwa na usingizi mwepesi. Kuna kiberiti, yaani tukio linalouwasha moto, kama habari ya saratani au kemo. Na kuna kuni tunazoendelea kuzichochea wenyewe, yaani tabia tunazozianzisha ili kupambana na usiku mbaya na ambazo ndizo zinazouendeleza. Kiberiti kilishazimika zamani, lakini moto unawaka kwa sababu kuna mtu anachochea.

Nyumbani kwetu waliokuwa wakichochea ni sisi. Shangazi aliporudi Tanga kutoka kwenye matibabu tulimtandikia godoro sebuleni, tukafunga mapazia, tukawafukuza watoto. Kila aliyeingia alimwambia neno moja: pumzika. Alijilaza kuanzia saa nne asubuhi hadi adhuhuri, akajilaza tena saa tisa, na ilipofika saa mbili usiku tulimsindikiza kitandani mapema ili afidie usiku uliopita. Saa nane za usiku alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, leso imelowa jasho, akiijua saa kwa sauti tu: kwanza malori yanayokwenda bandarini, kisha jogoo wa jirani, kisha adhana ya alfajiri. Tulikuwa tunayamwaga maji mchana kutwa na kushangaa kwa nini hayajai usiku. Kwa kumficha ndani ya pazia tulikuwa pia tumeinyima saa ya mwili wake ule mwanga inaoutegemea. Tulifanya hivyo kwa mapenzi, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kuona kwamba tunakosea.

Uchovu wa baada ya saratani ndio uliotuhadaa. Uchovu huo ni tofauti na uchovu wa kutoka shamba, kwa maana hauondoki kwa kulala, na anayeutii kwa kujilaza siku nzima huzidi kudhoofika misuli na pumzi, kazi ndogo ikawa kubwa, akachoka zaidi, akajilaza zaidi. Mwaka 2019 jopo la kimataifa lililoitishwa na Chuo cha Tiba ya Michezo cha Marekani lilichapisha mapitio ya tafiti za mazoezi kwa watu waliougua saratani. Lilikuta ushahidi wenye nguvu kwamba mazoezi hupunguza uchovu huo, wasiwasi na huzuni, na ushahidi wa wastani kwamba huboresha usingizi. Kipimo walichokitaja hakitishi: nusu saa ya kuutokesha mwili jasho la wastani, mara tatu kwa wiki, kwa wiki nane hadi kumi na mbili.

Ngoma inaingia hapo kwanza kama mazoezi. Mwili ukifanya kazi mchana, maji yanajaa. Ikichezwa uani jioni badala ya chumbani, jicho linapata mwanga, na ikichezwa saa ileile kila mara, mwili unapata alama ya kuhesabia siku yake. Joto la mwili hupanda wakati wa kucheza kisha hushuka, na mshuko huo unakwenda upande uleule ambao usingizi unautaka. Hadi hapa mtu anaweza kusema kwamba kutembea kwa miguu kunatosha, na atakuwa hajakosea. Anayeona ngoma haimfai kwa sababu ya imani yake au ya msiba alionao, aende Raskazone jioni atembee kando ya bahari. Maji yatajaa vilevile.

Lakini kuna kitu ambacho ngoma inacho na kutembea hakuna, na nilikiona kwa macho yangu. Mtaalamu wa tiba ya viungo alikuwa amemfundisha shangazi kupandisha mkono wa kushoto ukutani kwa vidole, hatua kwa hatua, ili bega lisikakamae baada ya upasuaji. Alifanya siku nne akaacha. Alisema ukuta unamkumbusha hospitali. Jioni moja alikuja rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye mama zao walicheza lelemama pamoja, akageuza ndoo ya plastiki na kuanza kuipiga kwa viganja. Lelemama ni mchezo wa taratibu: wanawake husimama safu moja, miguu haina haraka, kazi kubwa iko kwenye mikono, mabega na shingo. Shangazi alisimama. Mkono wa kulia ulipanda bila taabu. Wa kushoto ulifika usawa wa bega ukakwama, nikaona anafumba macho, akaushusha. Mdundo ulipozunguka ukapanda tena, safari hii kwa upana wa kidole kimoja zaidi. Hakuna aliyemwambia apandishe. Ngoma ndiyo iliyokuwa ikimngoja pale juu.

Walipokaa kupumzika aliniambia kitu ambacho sijakisoma katika utafiti wowote: kwamba tangu akatwe titi alikuwa akiuona mwili wake kama mgonjwa anayemuuguza, na kwamba dakika zile chache ulikuwa wake tena. Kwa maoni yangu jambo hilo lina uzito mkubwa katika habari ya usingizi. Mtu anayelala kitandani huku ameusikilizia mwili wake kama mlinzi anayesubiri mwizi, kila kichomi ubavuni akikidhania ni ugonjwa umerudi, hawezi kulala hata kama maji yamejaa na upepo unavuma. Mdundo, pumzi inayoufuata mdundo, na watu wa kucheza nao huulegeza ulinzi huo, na moyo ulioshuka kasi ndio unaoufungulia usingizi mlango.

Tafiti zinasemaje juu ya ngoma yenyewe? Hapa lazima nizungumze kwa uaminifu, maana hapa ndipo ile sauti ya WhatsApp ilipotia chumvi. Huko Ugiriki, wanawake 27 waliowahi kuugua saratani ya titi walifuatiliwa, baadhi yao wakicheza ngoma za asili za Kigiriki na kufanya mazoezi kwa wiki 24, na waliocheza walipata nguvu za mwili, huzuni ikapungua na wakaridhika zaidi na maisha. Ni kundi dogo, lakini mwelekeo wake unatia moyo. Huko Hong Kong, wanawake 139 wenye saratani ya titi waligawanywa kwa bahati nasibu, na kundi moja likapewa vipindi sita vya tiba kwa miondoko wakati wa mionzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2016 yalionyesha kwamba tiba hiyo ilisaidia katika msongo wa mawazo na maumivu, ila kwa usingizi haikuonyesha tofauti ya maana. Vipindi sita ni vichache, na wiki za mionzi ni wakati mgumu kwa mtu yeyote, lakini haifai kuuficha utafiti huo kwa kuwa haukutupa jibu tulilolitaka.

Ushahidi ulio thabiti zaidi unatoka kwa ndugu wa ngoma, yaani miondoko mingine ya polepole inayofuata pumzi. Nchini Marekani watu 410 waliomaliza matibabu ya saratani na wenye shida ya usingizi waligawanywa, nusu yao wakafanya yoga laini mara mbili kwa wiki kwa wiki nne, na utafiti wao uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba walilala vizuri kuliko waliopata huduma ya kawaida na kwamba walipunguza dawa za usingizi. Mwaka 2017 ulichapishwa mwingine wa wanawake 90 waliopona saratani ya titi, ambao uliulinganisha mchezo wa Kichina uitwao tai chi na tiba ya kubadili fikra na tabia za usingizi. Baada ya miezi 15, waliokuwa wamepata nafuu ya maana walikuwa asilimia 46.7 kwa tai chi na asilimia 43.7 kwa ile tiba, tofauti ndogo kiasi kwamba watafiti walihitimisha kuwa tai chi haikuzidiwa. Anayeijua lelemama akiitazama tai chi, mikono ile inayopanda na kushuka bila pupa, ataelewa kwa nini nina matumaini. Matumaini hayo ni yangu. Bado hayajawa ushahidi.

Ile tiba ya kubadili fikra na tabia ndiyo ambayo Chuo cha Matabibu cha Marekani kiliipendekeza mwaka 2016 iwe ya kwanza kwa kila mtu mzima mwenye tatizo sugu la usingizi, kabla ya vidonge. Wataalamu wake ni wachache kwetu, lakini kanuni zake kuu zinafuatika nyumbani: kuamka saa ileile kila siku hata usiku ukiwa mbaya, kutokwenda kitandani kabla ya macho kuwa mazito, kutoka kitandani na kukaa mahali tulivu mtu akiona usingizi umekataa, na kukifanya kitanda kiwe cha kulala, wala si cha kupokea wageni, kula na kutazama simu. Ngoma haichukui nafasi ya kanuni hizo. Inashirikiana nazo, kwa sababu anayekatazwa kujilaza mchana lazima apewe kitu cha kufanya badala yake, na kitu chenyewe kiwe kinampendeza, la sivyo ataacha siku ya nne kama shangazi na ule ukuta.

Tuje kwenye yale yanayosemwa. Kwamba kutikisa mwili kunatawanya saratani si kweli. Saratani husambaa pale seli zake zinapopata uwezo wa kupenya na kuingia katika damu au mirija ya limfu, na uwezo huo hautokani na mtu kucheza. Tafiti za mazoezi zimewahusisha maelfu ya watu waliotibiwa bila kuonyesha hatari ya namna hiyo. Imani inayofanana nayo inasema kwamba aliyeondolewa tezi za kwapani asiutumie mkono huo maisha yake yote, la sivyo utavimba. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti wa wanawake 141 ambao tayari walikuwa na mikono iliyovimba, nao wakainua vyuma kwa uangalizi na kwa kuongeza uzito polepole. Uvimbe haukuongezeka, na nguvu ziliongezeka. Neno la kushika hapo ni polepole.

Kwamba ngoma inazuia saratani isirudi ni dai lenye chembe ya kweli ambayo imepakwa rangi nyingi. Mwaka 2025 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa watu 889 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji na kemo kwa saratani ya utumbo mpana. Waliowekwa kwenye mpango wa mazoezi wa miaka mitatu walikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kukaa bila ugonjwa: asilimia 80.3 baada ya miaka mitano, ikilinganishwa na asilimia 73.9 ya waliopewa maelezo tu. Ni habari njema sana. Lakini ilihusu saratani moja, kwa watu waliokwisha kutibiwa hospitalini, na hata waliofanya mazoezi wapo ambao ugonjwa uliwarudia. Anayeacha tamoksifeni au miadi yake ya hospitali ya saratani ya Ocean Road kwa sababu anacheza ngoma anaiweka roho yake rehani.

Juu ya vidonge nitasema machache. Watu wengi hununua piritoni duka la dawa ili walale. Hiyo ni dawa ya mzio ambayo usingizi ni athari yake ya pembeni. Mwili huizoea upesi na asubuhi humwacha mtu na kichwa kizito. Diazepamu nayo hujenga utegemezi na huongeza hatari ya kuanguka, hasa kwa mwenye ganzi miguuni. Kuna nyakati daktari huandika dawa ya usingizi kwa siku chache, na hilo ni sawa. Kujiandikia mwenyewe kwa miezi ni jambo jingine.

Anayetaka kuanza, aanze kidogo: dakika kumi, mara tatu kwa wiki, akiongeza dakika chache kila wiki hadi afike nusu saa. Wakati mzuri kwa hali ya hewa yetu ni saa kumi na moja jioni, jua likiwa limelegea na kivuli kimeshaingia uani, na wakati wa kaskazi joto linapokaba, asubuhi mapema ni bora zaidi. Kucheza usiku si mwiko kama wengi wanavyodhani, ila kucheza kwa nguvu ndani ya saa moja kabla ya kulala kunaweza kuuchelewesha usingizi. Wala nisieleweke vibaya: mkesha wa harusi hadi saa tisa za usiku, pamoja na vikombe vya kahawa chungu, siuhesabu katika tiba hii. Kafeini huchukua takriban saa tano kupungua nusu yake mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa moja jioni bado kina nguvu usiku wa manane. Kipimo cha kasi ni sauti ya mchezaji mwenyewe. Akiweza kuimba ubeti mzima bila kukata pumzi, anacheza kwa wepesi. Akiweza kuzungumza lakini kuimba kunamshinda, hiyo ndiyo kasi ya wastani inayotakiwa. Akishindwa hata kuzungumza, apunguze.

Wapo wanaopaswa kumwona daktari kabla ya kuanza, na hapa sipendi mtu ajikadirie. Ni yule ambaye saratani imefika mifupani, kwa sababu mfupa ulioliwa unaweza kuvunjika kwa mruko mdogo. Mwenye damu pungufu, homa, au anayevuja damu kirahisi. Ambaye kidonda chake cha upasuaji hakijapona. Na aliyepewa doksorubisini, dawa ya kemo ambayo huweza kuugusa moyo, kisha akaona pumzi inampaa au miguu inavimba. Mwenye ganzi nyayoni acheze ameketi kwenye kiti imara, au asimame na kiti mbele yake cha kushikilia, mbali na sakafu ya marumaru yenye maji. Lelemama ya kiti inawezekana kabisa. Mikono ndiyo inayocheza. Na si kila kukesha ni kwa ngoma kutibu: anayekoroma huku pumzi inakatika, mwenye maumivu mapya yanayomwamsha usiku, au ambaye huzuni imemfikisha mahali pa kutamani kufa, apelekwe hospitali ya Bombo au kituo kilicho karibu naye.

Jambo la mwisho ni daftari. Wagonjwa wengi hukumbuka usiku mbaya na kuusahau wa nafuu, kwa hiyo wasipoandika hawawezi kujua kama wanasonga mbele. Kila asubuhi inatosha kuandika saa ya kupanda kitandani, saa ambayo usingizi ulikuja kwa kukadiria, mara ngapi aliamka, saa ya kuamka, na kama jana yake alicheza. Wiki ya kwanza au ya pili isitegemewe kuonyesha chochote. Shangazi alitumia daftari la shule la mjukuu wake. Kwa wiki tatu za mwanzo kurasa zake hazikutofautiana, usingizi ulikuja usiku wa manane: saa nane, saa nane na nusu, saa nane. Niliposoma la wiki ya tisa, bado alikuwa ameandika kwamba joto lilimwamsha mara mbili kwa usiku, na Jumapili moja hakulala kabisa kwa sababu kesho yake alikuwa na miadi ya vipimo. Lakini siku ya Alhamisi, siku ambayo mwenye ndoo huja, alikuwa ameandika kwa penseli: "Nimelala saa nne usiku. Nimeamka kwenda msalani, sijui saa ngapi. Sikusikia malori."